Genge la mboga hai Kihonda: nini nanunua pale na nini naendea sokoni

Wenzangu ofisini huniuliza sana kama mshahara wa karani wa shule unaweza kubeba chakula cha kilimo hai, yaani kilicholimwa bila dawa wala mbolea za viwandani. Unaweza, mradi usitake kununua kila kitu humo. Nimekuwa mteja wa genge hili tangu mwaka jana. Nyumbani tupo sita pamoja na mama mkwe, na haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye, kama mimi, kabla ya kutoka nyumbani anahesabu kwanza kilichomo kwenye pochi.

Genge lipo Kihonda, hapa hapa Morogoro mjini. Halina jina la biashara. Lina kibao cha mbao chenye nembo ya Kilimohai na ubao wa chaki wa bei, basi. Mtaani tunaliita "kwa wa milimani", maana mzigo wote unatoka vijiji vya Uluguru na wanaouza ndio hao hao waliolima: kikundi cha akina mama, wazee wachache na vijana wanaopokezana zamu. Mzigo unashuka Jumanne na Ijumaa. Ukifika saa moja asubuhi unakuta mchicha bado una umande na udongo mwekundu kwenye mizizi. Ukifika saa sita unakuta uliobaki umesinyaa, kwani hawana friji wala kivuli cha maana. Nalisema hili mapema kwa sababu bei ya asubuhi na ya mchana ni moja, na anayefika mchana ataondoka akisema ameibiwa.

Sasa bei. Wiki hizi fungu la mchicha au la chainizi kwao ni shilingi 700. Sokoni ni 500. Sado ya nyanya kwao ni 7,000. Sokoni naipata kwa 5,000. Hoho na karoti za wiki nzima zinanigharimu 2,000 pale, na sokoni 1,500. Bajeti yangu ya mboga, matunda na vya kuchemsha ni 25,000 kwa wiki. Kwenye genge naacha 12,500: sado moja ya nyanya, mafungu matano ya majani, hoho na karoti. Vitu hivyo hivyo sokoni vingenitoka 9,000. Maana yake ni kwamba kilimo hai kinanichukulia 3,500 ya ziada kila wiki, na hiyo nimeitoa kwenye soda za Jumapili, ambazo kwa watu sita zilikuwa zinapita hapo. Watoto walinung'unika kidogo, siku hizi tunachemsha ukwaju. Zile 12,500 zinazobaki naenda nazo sokoni kama kawaida, na sina wasiwasi nazo, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwa nini naanza na nyanya? Kaka yangu mkubwa analima nyanya za kupeleka Dar es Salaam, na nimekaa shambani kwake vya kutosha kujua nyanya inapita wapi kabla ya kufika kwenye sufuria. Kuna yule mdudu tunayemwita kantangaze, anayetoboa jani, shina na tunda lenyewe, na akiachwa shamba zima linaisha. Mvua zikikolea, ukungu nao unaingia. Basi bomba linapanda mgongoni kila baada ya siku chache, na mara nyingi dawa mbili tatu zinachanganywa humo humo ili kuokoa muda. Chupa ya dawa imeandikwa siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Lakini dalali hasomi chupa. Anapiga simu jioni kwamba fuso linapita kesho alfajiri, na mkulima aliyekopa pembejeo hana ubavu wa kumwambia arudi wiki ijayo. Simlaumu kaka, ana ada za watoto na deni la duka la pembejeo, na bei ya leo kesho haipo. Ila nyuma ya nyumba yake kuna matuta mawili ya nyanya ambazo bomba halijawahi kuzifikia, na hizo ndizo anazokula yeye na wanawe. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Mdogo wangu, zile za kule ni za biashara." Kuanzia siku ile nilijua shilingi yangu ya ziada ianzie wapi.

Unaweza kuangalia mwenyewe bila maabara. Chukua nyanya ya sokoni, ng'oa kikonyo, tazama lile shimo lililobaki. Mara nyingi kuna utando mkavu, mweupe au wa kijivu, umejikusanya pale ambapo maji ya kuoshea hayaingii vizuri. Muuzaji atakuambia ni vumbi la njiani. Vumbi la Morogoro halina rangi hiyo. Dawa nyingi za ukungu, kama mancozeb, hukaa juu ya ganda, kwa hiyo kusugua kwa maji mengi kunasaidia kweli, na asiye na uwezo wa kununua kwingine asiache kufanya hivyo. Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ulikataa kuiongezea mancozeb kibali. Kwetu bado iko madukani. Shida kubwa ni zile dawa ambazo mmea unazinywa zikaingia ndani ya tunda. Hizo hata ukisugua mpaka jioni hazitoki.

Nyanya za genge ni ndogo, zina mipasuko mabegani, na nyingine zina tobo la kantangaze. Mama wa zamu huwa hazifichi chini ya sado, anakuonyesha, unachagua. Unakata kipande kibovu unatupa. Nilichokipenda zaidi ni kwamba zinavunwa zikiwa zimeiva kweli na zinasafiri saa chache tu, kwa hiyo mchuzi unakuwa mzito bila nyanya ya pakiti. Lakini pia hazikai. Siku ya nne zinaanza kulainika, na mwenye friji ndogo kama yangu inabidi nusu azipike mara moja azihifadhi kama rojo.

Baada ya nyanya ni chainizi, kabichi na hoho. Hizi wadudu wanazipenda na wakulima wanazipiga dawa sana, na majani ya chainizi yana mikunjo inayotunza kila kilichonyunyiziwa. Kabichi kwenye genge hupatikana kwa kubahatisha; ukiiona, chukua.

Kuna vitu wanavyo ambavyo mimi sinunui kwao kabisa. Magimbi, mihogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, nazi, maparachichi, kisamvu, matembele, majani ya maboga. Mkulima wa kawaida wa mkoa huu hapotezi hela ya dawa kwenye gimbi au kwenye mti wa parachichi wa babu yake, hailipi. Ndizi anazoshusha sokoni mama wa Kinole, huko huko Uluguru, zimelimwa karibu sawasawa na zile za genge, tofauti ni kwamba yeye hana cheti. Kulipa zaidi kwa mhogo kwa sababu tu umekaa chini ya nembo, kwangu ni kutupa hela ambayo ingeongeza fungu la mchicha. Niliwaambia wenyewe na hawakukasirika. Mzee mmoja wa zamu alisema magimbi wanayaleta kwa sababu kuna wateja wanaotaka kumaliza manunuzi yote sehemu moja. Ni haki yao, ila mwenye bajeti finyu asiingie hapo.

Kwenye rafu ya nyuma kuna makopo: unga wa mlonge, asali, mchaichai mkavu, unga wa lishe, viungo. Unga wa mlonge kopo dogo ni 8,000, wakati mti wenyewe umesimama kwenye nyua nyingi za mji huu. Chuma majani, kausha kivulini, twanga. Viungo ndivyo ningemshauri mtu achukue. Iliki, mdalasini na pilipili manga za Uluguru zinauzwa nzima, hazijasagwa, na pakiti ya 1,000 inamaliza mwezi kwenye pilau na chai. Kiungo kizima huwezi kukichanganya na pumba.

Kwenye unga wa lishe nasimama kidogo. Una karanga na mahindi ndani, na adui mkubwa wa vitu hivyo ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Mwaka 2016 ilichukua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi ya nyumbani kwao, waliyoyalima wenyewe. Kilimo hai hakimkingi mtu na sumukuvu. Kinachokinga ni kukausha na kuhifadhi. Nilimuuliza mama wa zamu unga umesagwa lini na karanga zilianikwa juu ya nini. Alinijibu tarehe, na akasema turubai, hazigusi chini. Ndipo nikanunua, nusu kilo tu, nikamaliza haraka.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya genge hili, kwamba kila swali lina mtu wa kulijibu. Nembo ya Kilimohai ilizinduliwa mwaka 2007 pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kwa hiyo nembo hii hii utaikuta Kenya na Uganda pia. Kwa upande wetu inasimamiwa na TOAM, chombo cha wadau wa kilimo hai kilichoanzishwa 2005. Mkulima anayeuza nje, kama wa kahawa ya Kagera au wa kakao ya Kyela, hukaguliwa na kampuni za uthibitisho, na ukaguzi huo ni ghali mno kwa mama mwenye robo eka ya mchicha. Kwa hiyo vikundi vidogo vinatumia uhakiki shirikishi. Wanakikundi wanatembeleana mashambani, wanaangalia stoo, wanaangalia jirani wa juu anapiga nini na maji yanateremkia wapi, wanajaza fomu na kuweka sahihi. Mmoja akikutwa na chupa ya dawa, kikundi kizima kinaingia matatani, na ndiyo maana wanachungana. Watu wengi wa milimani wamefundishwa na SAT, taasisi ya mafunzo ya kilimo hai iliyoanzishwa hapa Morogoro mwaka 2011 na akina Janet Maro, na ukiongea nao unasikia mafunzo yale: mboji, matuta ya kuzuia udongo usiteremke, dawa ya mwarobaini, dawa ya majani ya utupa.

Niliomba kuona cheti. Kimewekwa kwenye faili la plastiki chini ya meza, kina jina la kikundi, orodha ya wanakikundi na mazao, na tarehe ya mwisho. Nilisoma tarehe. Nawaomba na nyinyi msome, kokote mtakakonunua, maana cheti huisha muda kama leseni ya udereva.

Dada yangu yuko Dar es Salaam, na kule alijiunga na huduma ya kapu la wiki linaloletwa na bodaboda mpaka mlangoni. Kapu lilikuwa 35,000, limefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, na kwenye matangazo yao wameandika kwamba kila kitu ni cha asili. Halikuwa na nembo popote. Nilimwambia aulize mboga zinatoka wapi, wakamjibu, "Shambani kwetu Morogoro." Basi nikamwambia aulize kijiji, maana mimi niko Morogoro na ningeweza kufika. Hawakujibu tena. Karoti zilizokuwemo zilikuwa na ukubwa mmoja kama zimetoka kwenye kiwanda, na nyanya zilikuwa na ule utando kwenye shimo la kikonyo. Neno "asili" linaandikwa bure na mtu yeyote. Mtu wa mshahara mdogo asilipe nyongeza kwa neno. Alipe kwa nembo yenye kikundi nyuma yake, au kwa mkulima ambaye shamba lake anaweza kulifikia kwa miguu.

Sasa mahindi, ambayo naona watu hawayazungumzii na ndiyo tunayokula kila siku. Wengi tumeacha sembe tukahamia dona kwa ajili ya afya. Ni vizuri. Lakini fikiria mahindi ya dukani yamehifadhiwaje. Yaliyokaa ghalani miezi mingi bila kubunguliwa mara nyingi yamechanganywa na dawa ya unga ya kuhifadhia, na dawa ile inakaa kwenye ganda. Anayekula sembe, ganda linakobolewa na kwenda kwa kuku. Anayekula dona analisaga lote. Kwa hiyo mla dona ndiye anayehitaji zaidi kujua mahindi yake yamelalaje, na ndipo ambapo kilimo hai kinaweza kukupunguzia gharama badala ya kukuongezea.

Genge linapokea oda za mahindi baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa saba, kwa debe. Bei inakaribiana sana na ya soko kwa sababu kipindi hicho mahindi yako mengi. Mimi nachukua ya miezi sita, naweka kwenye mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu: plastiki mbili nene ndani na kiroba nje. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake kwa kusokota na kukunja. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa wenyewe, bila dawa. Mfuko unanunuliwa mara moja na unarudiwa misimu kadhaa ukiutunza usitoboke. Panya ndiye wa kumwogopa. Kabla ya kujaza lazima mahindi yawe yamekauka sawasawa. Kipimo chake mama mkwe ndiye aliyenionyesha, na yeye alifundishwa na bwana shamba: weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, yana unyevu, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, funga mfuko.

Kwa hesabu zangu, kilo ya dona hii, na usagaji ndani yake, inatoka kwa bei ya chini kuliko dona ya dukani ya mwezi wa pili au wa tatu, wakati mahindi yanapokuwa yamepanda. Tofauti hiyo inafidia sehemu nzuri ya zile 3,500. Ugumu ni kwamba hela inatoka yote kwa pamoja mwezi wa saba. Mimi nilitumia zamu yangu ya mchezo wa upatu. Asiye na upatu anaweza kuanza na madebe mawili.

Kasoro za genge nazo nizitaje, maana wananisoma. Masika ni msiba. Kuanzia Machi mpaka Mei nyanya zinapotea wiki hadi wiki, barabara ya milimani inateleza, na mteja anaweza kukuta ubao mtupu. Wangetuandikia tu kwamba mzigo hautashuka, ingetosha; tunatoka mbali. Kipindi hicho mimi napika kwa ukwaju, kwa ndimu na kwa ile rojo niliyohifadhi, na nikikosa kabisa nanunua nyanya za sokoni, naziosha kwa kusugua na kukata eneo lote la kikonyo. Pili, hawana mizani. Mafungu hayalingani: zamu ya yule mama wa makamo fungu linajaa mkono, zamu ya vijana fungu linapungua, na kwa anayehesabu mia mbili mbili hilo linauma. Tatu, wanamwagia mboga maji ya ndoo ili zisinyauke na sijui yametoka bomba gani, na shambani wanatumia samadi. Kukosa dawa hakumaanishi kukosa vijidudu. Osheni kwa maji safi, hasa yale ya kachumbari.

Lugha yao kwa mteja ni nzuri mno. Ukiwaamkia shikamoo wanakuuliza wa nyumbani wote, na ukipungukiwa mia tatu hawakuaibishi, wanaandika kwenye daftari. Nilipomwambia mama wa zamu kwamba nanunua kidogo kwa kuwa hela yangu ni kidogo, alisema, "Mwanangu, wewe unakuja kila wiki. Wenye magari wanakuja wakikumbuka." Kisha akanieleza kuwa kinachowasaidia kupanga kupanda ni mteja wa kila wiki, hata wa 5,000, kuliko anayenunua 40,000 leo na kupotea miezi miwili.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakinunua mizani.

Kwa anayetaka kuanza: nenda Ijumaa, fika kabla ya saa mbili, beba kikapu chako na chombo kigumu cha nyanya, maana hizo zikibanwa na karoti hazifiki. Uwe na hela za noti ndogo, chenji kwao ni shida. Wiki ya kwanza chukua nyanya na majani tu, upike, uone. Oda za mahindi zinaandikwa kwenye daftari la bluu na wanataka nusu ya malipo mbele. Hakikisha wanakuandikia kijiji yanakotoka, na uende na chupa yako ya chumvi siku ya kuchukua.